Mguu Wangu Haukuiba Kitu

Wanaosema maradhi humfanya mtu mpole, sijui waliumwa nini. Mimi mguu ulinivimba nikiwa mwanamke kijana, na kilichonijia kwanza hakikuwa upole. Kilichonijia ni hamu ya kumwona mtu mmoja akiaibika mbele ya watu mpaka akose pa kuuweka uso wake. Nimewasikia wengi kanisani wakishuhudia jinsi kuumwa kulivyowafundisha kusamehe. Sawa, kila mtu na neema yake. Ushuhuda wangu una kisasi ndani yake, na nikikitoa hakuna kinachobaki cha kusimulia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mume wangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya. Mimi ni mtu wa milimani, Usambara. Nimekulia kwenye baridi na migomba, na kengele ya misheni ndiyo iliyotutoa kitandani. Nilipoletwa pwani nikiwa bi harusi sikujua hata kukuna nazi. Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Kidigo, mjane, ambaye shamba lake la minazi lilipakana na kambi yetu. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye safu. Nikivuka njia tu niko uani kwake. Yeye Mwislamu wa swala tano, mimi Mlutheri, na hatukuwahi kugombana juu ya dini hata siku moja. Tuligombana juu ya chumvi. Alisema sisi watu wa milimani hatuna ulimi.

Mguu ulianza na homa. Nikapata mtoki, ile tezi ya kinenani ikavimba kama yai, na mguu wa kulia ukawa mwekundu na moto. Siku tano nikapona. Baada ya miezi mitatu ikarudi, ikapona. Ikarudi tena. Kila ikirudi iliacha kidogo cha uvimbe, na mwaka wa pili uvimbe haukuondoka tena. Kiatu hakikuingia, ngozi ikawa ngumu, kifundo cha mguu sikukiona tena. Hilo ndilo tende, na lilikuwa limekwisha kuhamia kwangu na mizigo yake yote.

Nilikwenda kwa dresa wa zahanati ya shamba. Akaniambia matende yanaletwa na mbu. Nikarudi nikawaambia wanawake wenzangu bombani, nao wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. "Mbu! Mbu gani huyo wa kuchagua mguu mmoja tu? Na sisi mbona anatung'ata kila siku?" Mmoja akasema kwa sauti ya chini, ya kutaka nisikie, kwamba mbu huyo huenda anakaa kwenye minazi.

Nilielewa alichosema, na wewe utaelewa nikikueleza. Siku zile kila mwenye minazi aliaminika kuwa na fingo. Fingo ni dawa, inafukiwa chini ya mti, inalinda. Mwizi akiangua nazi ya watu, fingo linamshika na anavimba. Mwanamke anavimba mguu. Mwanamume, Mungu amstiri, anavimba pale pa busha. Basi mimi nilikuwa jirani wa minazi, mguu wangu ulikuwa umevimba, na hesabu yao ikaishia hapo: nimeiba nazi za bibi.

Mdomo wa bombani ningeuvumilia. Umbea ni umbea, unapita. Kilichonimaliza kilitoka kanisani.

Tulikuwa na kanisa dogo la udongo na mabati pale kambini, sisi Wakristo tuliotoka milimani na bara. Mchungaji alikaa mbali, akija kila baada ya miezi mitatu kutupa Meza ya Bwana. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa la mzee wa kanisa mmoja, fundi wa korona, mashine ile inayochuna majani ya mkonge yakabaki nyuzi. Mtu mkubwa, sauti ya ngoma, shati jeupe, kaptura iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alikuwa mtu wa milimani kama mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili moja akasimama kuhubiri. Akasema sisi tulioamini hatuamini fingo, fingo ni ushenzi na ni mambo ya giza. Nikafurahi, nikajua leo ananitetea. Kisha akasema, "Lakini Mungu yupo, na anaona. Mkono wake ukimlemea mtu, ukamlemea hata mguuni, mtu huyo asimsingizie mbu. Ajichunguze." Wala hakutaja jina. Haikuwa lazima, kanisa zima liligeuka na kuutazama mguu wangu kana kwamba ndiyo kwanza umeingia mlangoni.

Wiki iliyofuata wazee wakakaa, wakanitenga. Kwetu aliyetengwa hafukuzwi kanisani. Anawekwa benchi la nyuma, na Meza ya Bwana ikitandikwa anatoka nje mpaka wenzake wamalize. Atarudishwa siku atakayosimama mbele ya watu na kuitaja dhambi yake. Pale nyuma tulikuwa watatu: mlevi mmoja, msichana mmoja aliyezaa kabla ya ndoa, na mimi na mguu wangu. Mlevi alijua kosa lake, msichana alijua lake. Mimi nilikaa pale kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma.

Nilimfuata yule mzee nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, dada."

"Nimekuja kuuliza. Nitubu nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Mimi sijui."

"Basi mguu unajua," akasema, na akarudi kunywa chai yake.

Ala! Nilitamani kumpiga teke kwa mguu huo huo unaojua. Nikamwambia, "Mzee, unasema fingo ni ushenzi. Lakini Mungu unayemhubiri amejificha chini ya mti anangoja mtu akosee amvimbishe. Tofauti yake na fingo ni ipi?" Akasema nisikufuru. Mke wake akafunga mlango.

Mume wangu alikuwa mtu mwema na mchovu. Aliniambia, "Mama, sema lolote tumalize. Sema uliokota nazi mbili. Nani anakufa kwa nazi mbili?" Nilimjibu kwamba nikitaja wizi nisiofanya, basi hapo ndipo nitakuwa nimetenda dhambi ya kweli, tena mbele ya madhabahu. Hakuniambia tena, lakini nilijua anaona haya kukaa upande wa wanaume, benchi la mbele, huku mkewe yuko nyuma na mlevi. Mimi nilichokitaka kilikuwa kimoja: nirudi kwenye Meza ya Bwana bila kukiri uongo. Na kuanzia siku ile ya chai nilitaka na cha pili, yule mzee asimame pale mbele alipotaka nisimame mimi.

Utaniuliza kwa nini sikumwomba bibi mwenyewe anitetee, aseme sikumwibia. Nilimwomba. Alikuwa akiniogesha mguu uani kwake, kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi na majani ya mwarobaini, na kazi hiyo aliifanya kila siku bila kuombwa. Nikamuuliza, "Bibi, hivi fingo lako limenishika mimi?" Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Mwanangu we, fingo gani? Mie sina fingo. Marehemu mume wangu alifukia chupa ya mafuta ya taa, tupu, akaifunga kitambaa chekundu shingoni, ili watoto wa watu waogope. Hata bismillahi hakuisomea."

"Basi waambie!"

Kicheko kikaisha. Akanishika kiganja. "Nikiwaambia, kesho asubuhi sitaikuta hata nazi ya kupikia mchuzi. Na nikisema tu hukuiba, watauliza basi fingo limekushikia nini. Mie mjane, sina mtoto wa kiume wa kulinda. Chupa ile ndiyo mume wangu. Niapie hutasema." Niliapa. Nikaenda nyumbani na ukweli ambao ungenitoa kwenye lile benchi, na sikuweza kuutumia.

Basi nikamgeukia Mungu, na sala zangu za wakati ule nisingependa mtu azisome. Sikuomba kupona. Niliomba yule mzee avimbe. Nilianza na ulimi, nikasema, Bwana, uvimbishe ulimi wake ule ujaze mdomo ashindwe kuhubiri. Siku nyingine nikawa karimu nikasema hata mguu tu unatosha, mradi uwe mkubwa kuliko wangu. Nilikuwa nikiomba hivyo huku nikitwanga, mchi ukipanda na kushuka, na kila ukishuka nilikuwa najua nauteremshia kwa nani. Mtu akipita alidhani naimba.

Karibu mwaka ukapita hivyo. Halafu yule mzee akaanza kuvaa kanzu.

Kwanza hatukujali. Kanzu ni vazi la pwani na Wakristo nao huvaa. Lakini mtu huyu alikuwa wa kaptura, kaptura ndiyo iliyokuwa heshima yake, na sasa alivaa kanzu kanisani, kanzu sokoni, na kazini joho refu la turubai. Wengine wakanong'ona kwamba anasilimu, ameona binti wa Kidigo. Mwendo nao ukabadilika. Alitembea polepole, miguu mbali mbali, na watu wakasema ni utu uzima, ni uzito wa madaraka. Mimi niliuona mwendo ule nikaufikiria sana. Mtu anayebeba uvimbe mwilini anamtambua mwenzake.

Ijumaa moja adhuhuri, wanaume wa Kidigo wako msikitini na wetu wako kazini, nilikuwa uani kwa bibi nimetumbukiza mguu kwenye karai. Nikasikia hodi mbele ya nyumba. Ile sauti ningeitambua hata chini ya maji. Bibi akatoka, mimi nikabaki nyuma ya ukuta wa makuti, na makuti hayazuii neno.

Salamu zikapita. Kisha yule mzee, sauti ya ngoma imekuwa sauti ya paka, akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa natoka Moa na jua, kiu imenikaba. Minazi yako ile mifupi ya njiani... niliangua madafu. Siku moja. Halafu siku nyingine tena."

"Mara ngapi?"

"Nyingi, mama. Sasa limenishika. Nimevimba, sina amani, mke wangu analia. Nakuomba ulifukue fingo lako. Utakachotaka nitaleta."

Mungu wangu! Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyesema fingo ni ushenzi! Huyu ndiye aliyewaachia watu waseme nazi zimeibwa na mimi, na mwizi ni yeye, madafu yenyewe bado yanamchezacheza tumboni! Nikamshukuru Mungu pale pale, mguu ndani ya karai. Nilisema, Bwana, umenisikia. Niliomba avimbe na amevimba. Furaha niliyoipata saa ile sijaipata hata siku ya kuzaa mtoto wangu wa kwanza, na naisema kama ilivyokuwa.

Bibi akamwambia arudi kesho, atatazama. Akaja uani, tukatazamana, tukaanguka kwa kicheko. Siku za mwizi arobaini, akasema, na huyu zake zimemkuta kwenye kanzu. Tulipomaliza kujifuta machozi nikamshika mkono.

"Bibi, akija kesho mwambie hivi. Fingo lako haliteguliwi mpaka aliyeiba ajitaje mwenyewe mbele ya watu wake wote. Mwambie Jumapili ijayo, mchungaji yupo."

Bibi akaacha kucheka. "Mwanangu, kisasi ni kama samaki pono. Kitamu, lakini kina miba."

"Nitaitema miba."

"Haya," akasema. "Mie nitasema. Wewe ndiwe utakayekula."

Akasema. Yule mzee alipoambiwa alilia, akaomba atajiwe kafara nyingine yoyote, mbuzi, ubani, nguo. Bibi akatikisa kichwa tu.

Jumapili ile nilivaa kanga mpya na nikajipaka mafuta mpaka kwenye tende. Mlevi akaniuliza kuna harusi gani. Nikamwambia angoje. Mchungaji alikuwa mzee, mwembamba, amekuja kwa lori na vumbi lake, na mkate na divai vilikuwa vimefunikwa kitambaa cheupe mezani. Baada ya mahubiri yule mzee wa kanisa akanyanyuka. Akasogea mbele taratibu, miguu mbali mbali. Akageuka akatutazama, na mimi nikanyosha shingo nisikose kitu.

Alisema yote. Madafu, njia ya Moa, kiu, mara nyingi. Akasema amevimba mahali ambapo hawezi kupataja mbele ya akina mama. Kanisa likaguna. Mkewe alijifunika uso. Jasho lilimtiririka, na mimi kila tone la jasho lile nililinywa. Mkuki kwa nguruwe, mwenzangu! Onja na wewe.

Ningekuwa na bahati, angeishia hapo. Lakini alikuwa mhubiri, na mhubiri hawezi kumaliza bila fundisho. Akakunjua mgongo, sauti ikaanza kumrudia. "Ndugu zangu, nilikuwa nahubiri jambo hili kwa mdomo. Leo nalihubiri kwa mwili wangu. Hakuna uvimbe usio na mwizi. Mimi Mungu amenishika, nimekubali, nimetubu. Na mwingine yeyote aliyeshikwa kama mimi asifanye moyo mgumu. Atubu leo."

Kanisa zima likageuka nyuma.

Sijasahau macho yale. Zamani yalikuwa ya kunishuku. Sasa yalikuwa ya kunijua. Mzee ametoa mfano, mfano umekamilika: ameiba, amevimba. Mimi nimevimba, basi? Mume wangu naye aligeuka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hata yeye anawaza. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikichimba kwa jembe langu, nikamwomba na bibi anisaidie kutoa udongo.

Mchungaji akasema kwa upole, "Dada, una neno?"

Nikasimama. Haikuwa rahisi, mguu ule ulihitaji muda. Katika kusimama huko, mkono kwenye benchi, ndipo nilipolijua nililolifanya. Kwa mwaka mzima nilimwomba Mungu avimbishe watu, na alipovimba mtu nikashukuru. Kumbe nami nilimtaka Mungu wa chini ya mnazi, mradi awe upande wangu. Na kama ni yeye aliyemvimbisha huyu kwa madafu, basi ni yeye aliyenivimbisha mimi, na kwa kosa lipi sitajua mpaka kufa. Siwezi kumwacha huyu mtu ndani ya kisima kile bila na mimi kubaki humo. Ili nitoke, ilibidi nimtoe na yeye kwanza. Loo, iliniuma! Naapa iliniuma kuliko homa ya mtoki.

"Nina neno," nikasema. "Huyu Mzee ni mwizi, amekiri, na ni mnafiki, hilo amesahau kulikiri. Lakini hakuvimba kwa sababu ya madafu. Kwenye ile minazi hakuna fingo. Pamefukiwa chupa tupu ya mafuta ya taa. Nilijua. Mimi ndiye niliyemtuma bibi amwambie aje kujitaja hapa, ili nimwone akiaibika. Tena nilikuwa nikimwomba Mungu usiku na mchana avimbe. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nimeitaja. Mguu haumo. Dresa alisema ni mbu, na mbu hajui nani ameiba."

Mtu mmoja upande wa wanaume akasema nikae chini. Hapo hasira ikanipanda, ile ile ya siku zote, ila sasa ilikuwa na pa kwenda. Nikanyosha kidole mbele, kwenye msalaba wa mbao juu ya meza.

"Mnasema hakuna uvimbe usio na mwizi. Haya, huyo mnayekuja kula meza yake, aliyetobolewa mikono na miguu, akatundikwa hapo mpaka akafa, yeye aliiba dafu la nani?"

Nilisikia mabati yakialika kwa jua. Nikaendelea kwa sababu sikujua kunyamaza. Nikawaambia mwaka mzima nimekaa nyuma nikiutazama msalaba ule juu ya vichwa vyao, nikidhani uko upande wao. Kumbe anayening'inia pale angekaa wapi humu ndani, na majeraha yote yale? Wangemweka benchi la nyuma, kati yangu na mlevi, wangemwambia ajichunguze.

Mlevi akasema "Amina" kwa nguvu, na ilikuwa amina peke yake.

Mchungaji alifumba macho. Kisha akatoa hukumu, akisema polepole kama mtu anayekanyaga mawe. Mzee wa kanisa ameiba na amekwenda kutafuta fingo liteguliwe: avuliwe uzee, akae nyuma miezi mitatu. Dada amemdanganya mwenzake na amemwombea mabaya: naye akae nyuma miezi mitatu.

"Na mguu?" nikauliza, bado nimesimama.

"Mguu hauna kosa," akasema mchungaji. "Haukuwa na kosa. Kanisa ndilo lenye kosa juu ya huo mguu, na nitaliandika hivyo." Akaninamia kichwa, mtu mzima yule, mbele ya watu wote. Nikakaa chini.

Bibi nilimvunjia kiapo, na lazima niseme alivyolipia. Habari ya chupa ilifika Moa kabla ya jua kutua. Katika wiki mbili minazi ile mifupi ya njiani haikuwa na kitu. Hakunigombeza. Alifunga mlango wa uani, na nikaosha mguu wangu peke yangu mpaka Idi, aliponiletea sahani ya pilau na kusema ameiweka chumvi ya watu wenye ulimi. Nililia nikala. Mume wangu ndiye aliyemzungushia shamba ukuta wa miiba, jioni baada ya kazi, na hakuna aliyemwomba.

Lakini Jumapili ile ilikuwa bado haijaisha. Meza ilitandikwa, na sisi wa nyuma tukatoka. Mlevi alikwenda zake, msichana alikuwa amerudishwa siku hiyo hiyo na akabaki ndani. Nje tulibaki wawili, mimi na yule mzee, tumekaa kwenye msingi wa kanisa, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule. Ndani wakaanza kuimba. Niliusikia wimbo na njaa ikanishika, maana nilikuwa nimejiandaa kula siku ile. Nilimchukia bado. Watu hudhani ukishasema ukweli chuki inaondoka. Yangu ilikuwa imekaa hapo hapo mapajani, inapunga hewa.

Akavuta kanzu magotini. Akakohoa.

"Dada."

Nilivuta kanga yangu juu ya tende.

"Dada, kama si fingo. Na kama si Mungu amenipiga." Sauti yake haikuwa ya ngoma wala ya paka, ilikuwa ya mtu tu. "Basi kwa nini mimi?"

Mwaka mzima nililitamani swali hilo mdomoni mwake. Na majibu ya kumkata nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyanoa kila siku kinuni, ningeweza kumpa moja lingemuua pale pale msingini. Alikuwa ananitazama kama vile mimi ndiye mzee wa kanisa.

"Sijui, Mzee," nikamwambia. "Mimi mwenyewe sijaambiwa. Ila hospitali ya Tanga busha wanalipasua, nenda."

"Inauma?"

"Sana," nikasema, na hilo nililisema kwa raha.

Akainamisha kichwa, akaanza kulia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Sikumfariji. Sikumgusa wala sikumwambia neno lingine, lakini sikuondoka, nilikaa naye pale kwenye jua mpaka wenzetu walipomaliza kula wakatoka.